Kujenga amplifaya ya valvu kwa mkono ukiwa Moshi au Arusha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maelezo haya yanahusu amplifaya moja: stereo ndogo ya valvu tatu (vile vioo vinavyowaka ndani ya redio za zamani), ECC83 moja mbele na EL84 mbili nyuma, inayotoa wati 4 hivi kwa kila spika. Ndiyo ninayowashauri mafundi redio na wanafunzi wa huku kwetu waanze nayo. Anayejua kulehemu vizuri na kusoma mita ataiweza. Ambaye bado hajashika pasi ya lehemu atengeneze kwanza vitu vya betri mpaka mkono uzoee, kwa sababu umeme ulio ndani ya amplifaya hii si wa kujifunzia.

Kwa nini nihangaike na valvu wakati amplifaya ya transista ipo dukani kwa bei ya chini?

Sababu ya kwanza ni sauti. Valvu ikizidiwa haikati wimbi ghafla, inaliminya taratibu. Na kile inachoongeza kwenye muziki, katika sakiti ndogo kama hii, kwa sehemu kubwa ni harmoniki ya pili, yaani noti ileile oktavu moja juu, ambayo sikio halioni kama imeharibika. Sikiliza muziki wa dansi wa zamani uliorekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam (RTD), pale gitaa la solo linapopokezana na tarumbeta, utaelewa ninachosema. Muziki ule ulirekodiwa kwa mitambo ya zama zake, na kwenye amplifaya hii unakaa mahali pake.

Sababu ya pili ndiyo iliyonishika mimi zaidi: kitu hiki kinatengenezeka. Rezista ikiungua unaiona kwa macho. Valvu ikichoka unachomoa, unachomeka nyingine. Amplifaya za Uingereza za miaka ya 1950, Quad II ya mwaka 1953 ikiwa mojawapo, hadi leo zinapiga muziki kwa wenye nazo. Nyingi za kisasa, chipu ikifa na haipo tena sokoni, safari imeishia hapo.

Valvu inafanya kazi gani hasa?

Ndani ya kioo hakuna hewa. Katikati kuna hita inayopasha moto kibomba kinachoitwa kathodi, na kathodi ikipata moto inaachia elektroni. Kuizunguka kuna anodi, kipande cha chuma chenye volti nyingi chanya, ambacho kinazivuta elektroni hizo. John Ambrose Fleming alipata hataza ya valvu ya namna hii mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest akaongeza waya mwembamba katikati ya kathodi na anodi, gridi, na hapo ukuzaji wa sauti ukawezekana: volti kidogo kwenye gridi inatawala mkondo mkubwa unaokwenda kwenye anodi.

ECC83 ina triodi mbili ndani ya kioo kimoja, ndiyo maana moja inatosha stereo: upande mmoja kushoto, mwingine kulia. Kazi yake ni kuinua volti. EL84 ni pentodi, imeongezewa gridi mbili, na kazi yake ni kutoa nguvu.

Sasa shika jambo moja hapa. Anodi ya EL84 inataka kuona mzigo wa omu 5,000 hivi, na spika yako ni omu 8. Hivi viwili havikutani bila transfoma katikati, na ubora wa transfoma hiyo ndio unaoamua amplifaya yako itakuwa nzuri kiasi gani. Watu wanatumia muda mwingi kubishana kuhusu chapa za valvu. Valvu ni sehemu rahisi ya kazi hii. Kazi iko kwenye transfoma na kwenye uvumilivu wa kupima.

Nifuate mchoro gani?

Anza na sakiti iliyokwisha kujengwa na watu wengi. Kampuni ya Mullard ya Uingereza ilitoa michoro kwa ajili ya wajenzi wa nyumbani katika miaka ya 1950, na majina yake yanajieleza yenyewe: 3-3 ni valvu tatu wati tatu, 5-10 ni valvu tano wati kumi. Ile 3-3 inatumia EF86 mbele, EL84 nyuma, na EZ80 ya kunyoosha umeme, yaani kugeuza AC iwe DC, ila ni ya upande mmoja tu. Sakiti ninayoeleza hapa ni ya ukoo huohuo. EF86 imepishwa na ECC83, na EZ80 imepishwa na dayodi nne za 1N4007, ambazo hakuna duka la vifaa vya redio linalozikosa.

Usianze na push-pull, ambapo valvu mbili za pato kila upande zinafanya kazi kwa kupokezana. Pale panahitajika hatua ya kugawa wimbi mara mbili, valvu za pato zinazolingana, na vipimo vingi zaidi. Ya valvu moja kila upande ukikosea unajua umekosea wapi.

Ukichukua mchoro wowote, hakikisha una thamani zote za volti zilizoandikwa pembeni ya kila pini. Mchoro usio na volti hautakusaidia siku ya kutafuta tatizo.

Wati 4 zitatosha kweli?

Sebuleni, ndiyo. Tazama spika, usitazame wati. Spika yenye unyeti wa desibeli 90 kwa wati 1 ikipewa wati 4 inatoa desibeli 96 ukiwa mita moja, na hapo watu wawili wakitaka kuongea itabidi wapaze sauti. Spika ya desibeli 84 ukiipa wati hizohizo ni kama umeipa ile ya kwanza wati 1. Kwa hiyo tafuta spika zenye unyeti wa 90 au zaidi, omu 8. Spika za magari nyingi ni za omu 4. Hizo zinahitaji transfoma ya pato yenye tawi, yaani waya wake wa kuchagua, la omu 4.

Ukumbi, kanisa, au sherehe uwanjani: hapana. Huko kodi mitambo ya wati mia kadhaa.

Nasikia ndani yake kuna umeme wa kuua. Ni kweli?

Ni kweli, na naomba sehemu hii usiiruke.

Umeme mkuu wa amplifaya hii ni volti 300 na kitu za umeme mnyoofu. Kibaya zaidi, unabaki ndani ya kapasita hata ukishachomoa plagi. Unaweza kuzima, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukagusa pini na ukapigwa. Dawa yake ni rezista ya kilo-omu 220, wati 2, iliyolehemiwa moja kwa moja kwenye kapasita kubwa kati ya chanya na hasi, ikae hapo maisha yote. Kapasita zako zikiwa jumla ya mikrofaradi 150, rezista hiyo inahitaji zaidi ya dakika mbili na nusu kuzimaliza. Hata ukishasubiri, weka mita upime. Usiguse mpaka mita ikuonyeshe volti chache tu.

Wakati wa kupima amplifaya ikiwa inawaka, mkono mmoja uwe mfukoni au nyuma ya mgongo. Klipu ya mita yenye mdomo wa mamba ibanwe kwenye chesisi, yaani sanduku la bati linalobeba vifaa vyote, kabla ya kuwasha, kisha mkono mmoja tu ndio ushike ncha nyekundu. Umeme ukipita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine unapita kifuani, na hapo ndipo moyo ulipo. Vaa viatu vyenye soli ya mpira. Vua saa na pete. Usifanye kazi hii peke yako ndani ya nyumba, na aliyepo afahamishwe swichi kuu iko wapi: ukinaswa, azime kwanza, asikushike.

Waya wa ethi wa plagi ya pini tatu ufungwe kwenye chesisi kwa bolti yake yenyewe, rangi ya chuma ikwanguliwe mpaka bati ling'ae, iwekwe na washa yenye meno. Bolti hiyo isishike kitu kingine. Halafu kagua soketi ya ukutani. Nyumba nyingi zina soketi ya matundu matatu lakini nyuma yake ethi haijafungwa, au fimbo ya ethi nje imelegea ardhini. Mwite fundi umeme apime kabla hujaanza kujenga chochote.

Watoto wasifike karibu. Na chini ya chesisi pawe na kifuniko cha bati chenye matundu madogo, kwa sababu mijusi wa nyumba zetu wanapenda pahali penye joto.

Vifaa nitavipata wapi nikiwa Kaskazini?

Rezista, dayodi, swichi, fyuzi, waya na lehemu utapata kwenye maduka ya vifaa vya redio Moshi mjini na Arusha mjini. Angalia wati za rezista: dukani nyingi ni za robo wati, na wewe sehemu kadhaa unahitaji wati 2 na kuendelea. Kapasita za volti 450 si kila duka linazo, ila Kariakoo zipo, na Nairobi kwenye maduka ya Luthuli Avenue pia zipo. Wa Arusha anapitia Namanga, wa Moshi anapitia Holili. Ukileta mzigo, utangaze mpakani na utunze risiti.

Valvu mpya bado zinatengenezwa. JJ wako Slovakia, kiwanda cha Saratov kiko Urusi, na China wapo wengine. Ni nyepesi, kwa hiyo kuziagiza kwa posta hakuumizi sana. Zikifika, usizichomeke bila kuzikagua: ile doa ya kung'aa kama fedha juu ya kioo ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia, valvu imekufa.

Soketi za pini tisa agiza za kauri pamoja na valvu. Usinunue za plastiki laini. EL84 inawaka moto sana.

Na transfoma? Naona bei yake inazidi kila kitu kingine.

Hapo ndipo pesa inapotakiwa kwenda, na ukibana mahali, banie sehemu nyingine yoyote kabla ya hapa.

Unahitaji tatu: moja ya umeme, na mbili za pato, moja kwa kila spika.

Ya umeme inaweza kusukwa hapahapa. Mafundi wa kusuka mota wako Moshi na Arusha, na fundi mzuri wa mota anaiweza transfoma ya umeme bila shida ukimpa karatasi yenye maelezo kamili. Mwandikie hivi: upande wa kuingiza volti 230 na tawi la 240, hatsi 50, upande wa kutoa volti 230, miliampea 200, upande mwingine volti 6.3, ampea 3. Mwambie aache nafasi kwenye kiini, yaani chuma cha ndani, asikiendeshe mpaka mwisho wa uwezo wake, ili transfoma isivume na isipate moto. Karatasi ya kutenganisha matabaka iwe ile ya transfoma, na kati ya upande wa kuingiza na wa kutoa aweke matabaka mengi zaidi. Ikikamilika, aichovye kwenye vanishi na kuikausha kama anavyofanya kwa mota. Kabla hujalipa, pima kwa mega kama anayo, ile inayotumika kukagua mota, kati ya waya wa kuingiza na wa kutoa, na kati ya kila mmoja na chuma.

Kwa nini miliampea 200? Kila EL84 inavuta karibu miliampea 45 na ECC83 inavuta kidogo sana, jumla chini ya 100. Lakini dayodi zikichaji kapasita zinavuta mkondo kwa mishtuko mifupi, na waya wa transfoma unapashwa moto na mishtuko hiyo. Mara mbili ndiyo hesabu ya usalama.

Ya pato ni jambo jingine kabisa. Waya wa msingi (wa upande wa valvu) na wa spika unatakiwa ugawanywe vipande na kupishana tabaka kwa tabaka, la sivyo sauti za juu, matoazi na filimbi, zinapotea njiani. Kwa sababu mkondo mnyoofu wa valvu unapita ndani yake muda wote, kiini chake lazima kiwe na mwanya mwembamba, kwa kawaida wa karatasi, vinginevyo chuma kinashiba na besi inakufa. Uwiano wa mizunguko kwa omu 5,200 kwenda omu 8 ni 25.5 kwa 1. Ili besi ishuke mpaka hatsi 40 upande wa msingi unahitaji henri 18 hivi. Fundi wa mota hajawahi kuombwa vitu hivi, si kosa lake. Agiza zilizo tayari: Hammond wa Kanada na Edcor wa Marekani wanauza za wati 8 hadi 15 za aina hii. Uzito wake ndio unaopandisha nauli, kwa hiyo kama kuna ndugu au rafiki anarudi nyumbani kutoka nje, mwombe mapema kabla begi lake halijajaa.

Anayetaka kusuka ya pato mwenyewe asikatazwe, ni kazi ya kujivunia. Asiifanye kuwa ya kwanza tu.

Babu ana redio ya zamani ya valvu. Naweza kuchukua vipuri humo?

Kama redio bado inaweza kufufuliwa, ifufue iwe redio. Nasema hivi kwa moyo wote: zimebaki chache, na kila moja inayovunjwa kwa ajili ya valvu moja ni hasara ya nyumba nzima.

Kama imeliwa na mchwa mpaka haina tena la kuokoa, mara nyingi ndani utakuta EL84 au ECL82 iliyokuwa inaendesha spika. Ipime. Transfoma yake ya pato nayo inaweza kutumika kwa majaribio, ila ilitengenezwa kwa redio, besi yake ni fupi. Kapasita za karatasi zilizopakwa nta zote zitupe. Zinavuja.

Tahadhari moja kubwa. Redio ambazo valvu zake zinaanzia na herufi U, kama UCH81 na UL84, mara nyingi hazina transfoma ya kutenganisha umeme. Chesisi yake imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani. Usiguse chuma chake ikiwa kwenye plagi, na usiige muundo wake.

Umeme wetu unapanda na kushuka. Valvu zitavumilia?

Zinavumilia kuliko unavyodhani. Hita ya volti 6.3 inaruhusiwa kupanda au kushuka kwa asilimia 10. Umeme wa TANESCO ni volti 230, na saa za usiku mwingi, watu wakiwa wamezima vitu, unaweza kuukuta juu zaidi. Ndiyo maana nimesema tawi la 240: kama kwako unakaa juu, unahamia huko. Pima ukutani kwa nyakati tofauti za siku kabla hujaamua tawi lipi.

Kinachopata taabu ni kapasita. Umeme wa ukutani ukifika 250, na valvu hazijapata moto hivyo hakuna anayevuta mkondo, kapasita ya kwanza inaweza kuona karibu volti 380. Ya volti 400 itakuwa ukingoni. Weka za 450.

Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, amplifaya isiwe kwenye plagi. Kinga ya friji inayochelewesha umeme dakika chache inafaa vilevile hapa.

Chesisi nitengeneze kwa nini?

Bati la alminiamu la milimita 2. Fundi bati atakukunjia sanduku la sentimita 35 kwa 25, kina sentimita 6, ukimpa mchoro wenye vipimo. Matundu ya soketi ya milimita 22 toboa kabla ya kufunga chochote, na vumbi la chuma lifagiwe lote. Pembeni unaweza kuvalisha mbao. Mninga unapendeza na haupindi ukikauka vizuri. Grevilea ya kutoka mashamba ya kahawa ni rahisi zaidi na ina mawimbi mazuri ukiipiga msasa mpaka mwisho. Mbao isikaribie EL84, acha sentimita 5 au zaidi.

Nimemaliza, lakini inavuma. Nifanyeje?

Swali hili ndilo linalokuja kuliko yote, na jibu lake linaanza kabla ya kulehemu.

Kwanza sikiliza ni mvumo gani. Ule wa chini, laini, ni wa hatsi 50: unatoka kwenye nyaya za hita au kwenye transfoma ya umeme inayoambukiza ya pato. Ule mkali zaidi, wenye kukwaruza, ni wa hatsi 100: unatoka kwenye unyooshaji wa umeme au kwenye mpangilio wa nyaya za ardhi, yaani za upande hasi wa sakiti.

Nyaya za hita zisokotwe pamoja kwa kubana na zipite kwenye kona za chesisi, mbali na pini 2 na 7 za ECC83, ambazo ni gridi zake. Hita za ECC83 kwa volti 6.3 zinaungwa hivi: pini 4 na 5 pamoja upande mmoja, pini 9 upande wa pili. Kisha kila upande wa hita upelekwe ardhini kwa rezista ya omu 100. Rezista hizo mbili ndogo zinaondoa mvumo mwingi kuliko watu wanavyoamini, na mtu akizisahau anaweza kubadilisha valvu mwezi mzima bila mafanikio.

Transfoma zipangwe kabla ya kutoboa bati. Weka ya umeme mezani na uiwashe peke yake, nyaya zake za kutoa zikiwa zimefunikwa vizuri. Chukua ya pato, isiyounganishwa na chochote, funga hedifoni kwenye waya zake za spika, uvae usikilize. Izungushe taratibu. Kuna mahali mvumo unapungua sana, mara nyingi pale viini viwili vinapokaa kwa pembe mraba. Weka alama kwa kalamu. Hapo ndipo itakapofungwa.

Nyaya za ardhi zikutane sehemu moja. Hasi ya kapasita ya kwanza iungane na daraja la dayodi kwa waya mfupi, na kutoka hapo ndipo zianze kugawanyika. Chesisi iguswe mahali pamoja tu, karibu na soketi za kuingiza sauti.

Mvumo ukiendelea, chomoa ECC83. Ukikoma, chanzo kiko mbele. Usipokoma, kiko kwenye EL84 au kwenye umeme. Kupima namna hii kunachukua dakika chache na kunakuepusha na kubahatisha.

Naiwasha vipi mara ya kwanza?

Tafuta balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 au 100, ya LED haifai. Ifunge kwa mfululizo kwenye waya wa umeme unaokwenda kwenye amplifaya. Kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na amplifaya inapona.

Washa kwanza bila valvu. Balbu imulike kidogo kisha ififie. Ikibaki inawaka sana, zima, subiri, pima kapasita, tafuta kosa: dayodi iliyogeuzwa au kapasita iliyofungwa kinyume. Kapasita ya aina hii ikifungwa kinyume inalipuka, kwa hiyo uso uwe mbali.

Ikiwa shwari, pima volti za hita na volti kuu. Zima, subiri, pima tena mpaka ziishe. Chomeka valvu. Funga spika, au rezista za omu 8 wati 10, kwenye matokeo yote mawili. Usiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila mzigo. Volti inayorudi ndani ya transfoma ya pato inaweza kutoboa ganda la waya wake, na umeona bei yake.

Washa, subiri nusu dakika hita zing'ae rangi ya chungwa. Weka mita kwenye pini 3 ya EL84. Rezista ya kathodi ikiwa omu 180, unatafuta volti 8. Gawa 8 kwa 180: miliampea 44. Toa karibu 4 za gridi ya pili, anodi inabaki na 40. Kama kati ya anodi, pini 7, na kathodi kuna volti 250, valvu inabeba wati 10. Mwisho wake ni 12, uko salama.

Ukiona bati la ndani ya EL84 linaanza kuwa jekundu, zima papo hapo. Mara nyingi kapasita inayotoka ECC83 kwenda pini 2 inavuja, na gridi imepata volti chanya. Badilisha iwe ya filamu, mikrofaradi 0.1, volti 630.

Ukiunga waya wa mrejesho, unaorudisha sehemu ya sauti ya pato mbele, kutoka spika kwenda kathodi ya ECC83 na amplifaya ikapiga kelele kali, mrejesho uko kinyume. Zima, subiri, badilishana nyaya mbili za upande wa msingi wa transfoma ya pato. Kelele itakoma.

Volti zote andika kwenye karatasi na uibandike ndani ya kifuniko cha chini. Atakayeifungua baada ya miaka kumi atakushukuru.

Inaweza kupiga muziki wa kwenye simu?

Ndiyo. Waya wa kutoka tundu la hedifoni unatosha kabisa, au kipokezi kidogo cha bluetooth. Kipokezi kiwe na chaja yake nje ya chesisi. Chaja hizo ndogo zinatia kelele.

Inakula umeme kiasi gani?

Wati 60 hivi, iwe inapiga kwa sauti ya juu au ya chini. Ukisikiliza saa nne kila siku, kwa mwezi ni uniti 7 na kidogo za LUKU. Usiiache inawaka bila msikilizaji: valvu za pato zinahesabiwa kwa maelfu ya saa, na saa hizo zinaisha hata kukiwa kimya.

Nikimaliza hii nijenge ipi?

Mullard 5-10, kama mkono umekaa sawa. Inatumia EL84 mbili kila upande kwa push-pull, transfoma yake ya pato haihitaji mwanya, na mvumo wa umeme mkuu kwa kiasi kikubwa unafutana wenyewe ndani yake. Ile ya D.T.N. Williamson ya mwaka 1947, iliyotumia KT66, ndiyo wengi wanayoiota, lakini inadai transfoma ya pato ya hali ya juu kuliko zote nilizotaja. Anza kuweka akiba ya transfoma sasa, na sakiti isome wakati unasubiri.